Naomba ushauri: damu nyingi ubongoni, oksijeni kidogo

Hamjambo ndugu zangu, hasa mlio kwenye tiba na fiziolojia. Nafundisha baiolojia huku Kasarani, Nairobi, na nimekwama.

Kwamba ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yetu, hilo wanafunzi wamelishika. Kinachotutatiza ni matokeo ya watafiti wa ubongo Fox na Raichle ya mwaka 1988. Watu walipotazama mchoro wa miraba inayobadilikabadilika, damu katika eneo la kuona iliongezeka kwa asilimia 50, matumizi ya glukosi 51, ila oksijeni 5 pekee!

Nimesoma kuwa sehemu ya glukosi huishia kuwa lakteti, yaani zao la glukosi inapovunjwa bila kutumia oksijeni. Nikachora kapilari, ile mishipa midogo kabisa ya damu, ubaoni, nikaeleza, lakini binti mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa damu yote hiyo ya nini?" Swali zuri mno, na anastahili jibu la kweli.

Naomba mnisaidie: ziada hiyo ya damu husaidia kufikisha oksijeni kwenye seli zilizo mbali na kapilari, au ina kazi nyingine? Na picha za MRI zinazofuata oksijeni ya damu, niwaambie zinaonyesha neva zikifanya kazi, au damu tu?

Asanteni sana.