Takwimu na uwezekano kwa kundi la watoto wanaosomea nyumbani: nianzie wapi?

Mama Neema, Ngong
Hamjambo wote. Sisi ni familia nne za Ngong na Rongai, tunasomesha watoto nyumbani. Alhamisi wote hukutana sebuleni kwangu, wa miaka 13 hadi 16, na wakubwa wawili wanajiandaa kwa IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari. Aljebra kila mzazi anafundisha kwake. Takwimu na uwezekano nimekabidhiwa mimi. Kitabu kinaanza na fomula, wadogo wanachoka kabla ya mfano wa kwanza. Wakubwa wanapata maswali yote, lakini nikiwauliza: shilingi kumi imetua simba juu mara nne mfululizo, ya tano je? Wanajibu bila kusita kwamba sasa ni zamu ya nembo, kumbe nafasi bado ni nusu kwa nusu. Wanajua kukokotoa, ila hawaamini wanachokokotoa. Hilo linaninyima raha.

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Dada yangu, shida hiyo wanayo hata watu wazima wengi, na haiondoki kwa maelezo. Inaondoka kwa kurusha. Kifunike kitabu kwanza.

Wagawe makundi mawili. La kwanza lirushe sarafu mara 100, liandike S au N kwa mpangilio. La pili lisirushe chochote. Litunge orodha ya 100 inayofanana na ya kweli. Wewe uwe nje. Ukirudi, tafuta mfululizo mrefu. Sarafu halisi ikirushwa mara 100, karibu kila mara utakuta S tano au N tano zimefuatana, mara nyingi hata sita. Anayetunga akifika tatu au nne huingiwa na wasiwasi, anabadili. Ukishawatambua watakung'ang'ania uwaambie umejuaje.

Kisha dadu mbili za ludo. Kila mtoto aandike kwanza jumla anayodhani itatoka zaidi. Usiiruke hatua hii, dada, maana aliyekisia ana hamu ya kujua. Kila jozi irushe mara 60 na kuchora nguzo zake. Zitakuwa vurugu: hawa wamepata 5 nyingi, wale 9. Sasa jumlisha za wote ubaoni, mlima utaanza kujitokeza, 7 kileleni. Ndipo waorodheshe njia zote 36: saba ina sita, mbili ina moja tu. Hapo ndipo kundi lina faida. Mtoto wa peke yake huchoka kurusha kabla mlima haujaonekana.

Baba Juma, Dar
Kijana wangu nilimfundisha kwa mkeka, ile tiketi ya kubeti ambayo hulipa tu mechi zote zikitokea ulivyotabiri. Rafiki zake walikuwa wanajazia mechi 10 za "uhakika". Nikamwambia tuseme kila moja ina nafasi ya asilimia 80, andika 0.8 kumi na uzizidishe zote pamoja. Akapata kama asilimia 11. Alirudia kwenye kikokotoo akidhani amekosea.

Mama Zawadi, Mombasa
Samahani Baba Juma, mimi sikubali. Kamari isiingie kwenye somo, hata kama mfano. Watoto wa miaka 13 wamo humo.

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Mama Zawadi, nakuelewa, na kwa wa miaka 13 ningengoja. Wa 16 matangazo yanawafikia kila siku kwenye simu, heri wakutane na hesabu yake mbele ya mzazi. Bila pesa, bila jina la kampuni. Andika odi tatu za mechi moja, yaani namba ambazo dau huzidishwa nazo ukishinda: timu ya kwanza 2.10, sare 3.20, na ya pili 3.40. Gawa 1 kwa kila moja, ujumlishe. Inakuja 1.08. Uwezekano wa matokeo yote ya mechi ukijumlishwa hauwezi kuzidi 1, sasa 0.08 imetoka wapi? Waache walitafute wenyewe. Ndiyo sehemu ya mwenye mchezo wa kamari, na imeshakatwa kabla mpira haujaanza.

Mama Neema, Ngong
Shikamoo Mwalimu, asante sana. Kwa wadogo nitaishia kwenye dadu. Na wastani na mediani je?

Mwalimu Mstaafu, Tanga
Marahaba. Watumwe sokoni waulize bei ya kilo ya nyanya kwa wauzaji kumi na mmoja. Wapange bei kuanzia ndogo hadi kubwa, ya sita, iliyo katikati, ndiyo mediani. Halafu badilisha bei ya juu kabisa, uifanye mara tano. Wakokotoe tena vyote viwili, waone kipi kimekimbia na kipi kimebaki palepale. Na zile karatasi za dadu usizitupe, wakubwa watazihitaji kwenye marudio ya majedwali.