Tupeane uzoefu: asainmenti iliyokukwamisha chuoni, ulitokaje?

Nyikani (mwanzisha uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Nipo Dodoma, mwaka wa tatu. Kila jioni nikipita kwenye vimbweta (meza za kusomea za nje) nakuta jambo lilelile: watu sita wamekaa, mmoja anaandika, watano wanasubiri amalize wapige picha. Asainmenti inakusanywa, maksi zinatoka nzuri tu. Kisha inakuja UE, yaani mtihani wa chuo, swali ni lile lile limebadilishwa namba, na wale watano hawajui pa kuanzia. Inaniuma kwa kweli, maana si watu wasio na akili. Wamefika hapa kwa jasho lao na la wazazi wao.

Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Mbinu za jumla za kupiga msuli tumeshazisikia sana, tuziache. Utuambie swali moja lililokukaba: lilisemaje, ulikwama mstari gani, na nini kilikufungua. Sayansi, biashara, programu, afya, yote karibu. Weka na namba zenyewe ili mwingine ajaribu kwa mkono wake.

Naanza. Kemia, mwaka wa kwanza: gramu 28 za naitrojeni na gramu 3 za haidrojeni zinatengeneza amonia. Itapatikana gramu ngapi, na kitabaki nini? Mlinganyo ni N2 + 3H2 → 2NH3.

Gramu zinapotosha hapa. Ukiziangalia unaona 28 na 3, basi unaanza kugawa na kuzidisha ovyo. Kilichonifungua ni kuziweka pembeni nikahesabu moli (moli 1 ni gramu 28 za N2, gramu 2 za H2, au gramu 17 za NH3). Naitrojeni 28 gawa kwa 28, moli 1. Haidrojeni 3 gawa kwa 2, moli 1.5. Mlinganyo unadai moli 3 za haidrojeni kwa kila moli 1 ya naitrojeni, nasi tunazo 1.5 tu. Basi haidrojeni ndiyo inayoisha kwanza na ndiyo inayoamua kila kitu. Moli 1.5 zinatoa moli 1 ya amonia, yaani gramu 17. Naitrojeni imetumika nusu moli, imebaki nusu, gramu 14.

Sasa jumlisha: 17 na 14 ni 31. Mwanzoni tulikuwa na 28 na 3, nazo ni 31. Hapo nilijua niko sawa bila kumuuliza mtu wala kufungua majibu. (Swali linachukulia mmenyuko umefika mwisho. Kiwandani haiendi hivyo, ule mmenyuko huwa unarudi nyuma.)

Karibuni.

Mama wa Leja

Umenikumbusha mbali mdogo wangu. Uhasibu nilisomea hapo hapo Dodoma, sasa niko Singida kwenye biashara ya alizeti.

Langu lilikuwa urari, ile orodha ya kulinganisha jumla ya debiti na jumla ya krediti. Tulipewa miamala ya duka ya mwezi mzima, tuingize kwenye leja (daftari la akaunti) kisha tutoe urari. Debiti ikaizidi krediti kwa 2,700. Nikajumlisha upya kurasa zote, 2,700. Nikaanza tena kutoka chini kwenda juu, 2,700 ile ile.

Aliyenifungua ni dada mmoja tuliyepanga nyumba moja Chang'ombe, alikuwa mbele yangu mwaka mmoja. Daftari langu hakuligusa. Alikuwa anakuna nazi, akauliza tu: "Hiyo tofauti inagawanyika kwa 9?" Nikagawa, 300 kamili. Akasema, "Basi kuna namba imegeuzwa tarakimu. Kaitafute." Nikashuka upande wa krediti mstari kwa mstari, nikaikuta: mauzo ya 8,500 yameingia 5,800.

Sikuridhika na kuipata tu, nilitaka kujua kwa nini 9. Ukipindua tarakimu mbili zilizofuatana, moja inapanda nafasi moja na nyingine inashuka nafasi moja. Nafasi moja ni mara kumi, kwa hiyo kinachoongezeka au kupungua ni 10 kutoa 1, yaani mafungu ya 9, kila mara. Jaribuni: 85 kutoa 58 ni 27. 61 kutoa 16 ni 45.

Tofauti isipogawanyika kwa 9, igawe kwa 2 halafu tafuta kiasi hicho. Ukizidiwa kwa 64,000, tafuta 32,000 iliyoingia upande usio wake. Na urari ukilingana msishangilie mapema. Matengenezo ya gari ukiyaingiza kwenye akaunti ya gari kama mali, urari utalingana vizuri kabisa na faida itakuwa ya uongo. Hilo mashine haikuonyeshi, linataka uelewe muamala wenyewe.

Bahi Road

Hiyo ya 9 nimemaliza chuo sijawahi kuisikia. Asante sana dada.

Muuguzi Kondoa

Kwetu uuguzi hesabu ni fupi lakini ina uzito wake. Swali: mgonjwa apewe lita 1 ya maji kwa saa 8, seti ya dripu inatoa matone 20 kwa mililita. Matone mangapi kwa dakika?

Wengi tulikariri fomula. Ikija siku swali limeandikwa lita badala ya mililita, au saa badala ya dakika, fomula inakuacha njiani. Mwalimu wetu wa wodini alitulazimisha kuandika kipimo pembeni ya kila namba na kukikata kinapokutana na mwenzake. Mililita 1,000 mara matone 20 kwa mililita: mililita zinakatana, yanabaki matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawa, unapata 41.67, unahesabu 42.

Akabadilisha seti, ile ndogo ya matone 60 kwa mililita, tukatoa 125 bila kuuliza fomula iko wapi. Namba ikitoka na kipimo kisichoeleweka, mfano "mililita kwa tone kwa saa", unajua umepinda mahali hata kabla hujaangalia jibu.

Dada wa Maabara

Yangu ni ya Dodoma haswa.

Jaribio la kuchemsha maji, mwaka wa kwanza. Tunasoma kipimajoto kila dakika hadi maji yachemke kabisa. Maji yanatokota, mvuke unapanda, zebaki imesimama kwenye 96. Tukasubiri. 96. Mwenzangu akasema kipimajoto kibovu, tuandike 100 kama kitabu kinavyosema. Tukaazima cha meza ya jirani, nacho 96.

Nikaandika 96 kwenye ripoti, kisha nikakaa chini kutafuta sababu. Maji huchemka nyuzi 100 pale mgandamizo wa hewa ukiwa ule wa usawa wa bahari. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 300 hivi kiwango cha kuchemka kinashuka nyuzi 1. Gawa 1,100 kwa 300 unapata 3.7. Toa kwenye 100: 96 na kidogo. Kipimajoto kilikuwa kinasema kweli tupu!

Nilifurahi kuliko siku niliyopata barua ya mkopo. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu, ukiwa maabara andika ulichokiona. Ripoti yenye 100 ya Dodoma inamwambia mwalimu kwamba hukuangalia.

Alizeti

Wakuu, siku hizi si unaiuliza tu akili mnemba? Nauliza kwa nia njema, kila mtu darasani kwetu anafanya hivyo.

Nyikani

Hata mimi natumia. Ila siipi swali, naipa hatua zangu zote na kuiuliza ni mstari gani haufuati ule wa juu yake. Halafu jibu lake nalipitisha kwenye ukaguzi ule ule wa uzito kushoto na kulia. Inaweza kukuandikia kwa kujiamini kabisa kitu ambacho jumla yake haifiki 31.

Mwalimu wa Zamani

Vijana, nawasoma kwa raha. Niwaongezee kisa ambacho kila mwanafunzi wa Tanzania anapaswa kukijua.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba, Tanga. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, akauweka mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado wa moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambaye hakuuchemsha kabisa. Alipouliza aliambiwa amechanganya mambo. Hakuliacha. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kile kile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake walicheka. Osborne alirudi Dar akaagiza lijaribiwe maabara. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya sababu yake, na hata juu ya lini jambo lenyewe hutokea.

Tazameni alivyouliza. Vyombo vinafanana, kiasi sawa, 35 na 100. Mtu mwingine angesema "maji ya moto yanaganda haraka", na asingepata wa kumsikiliza. Nyie mkikwama, mwendeeni mwalimu na swali la namna hiyo, hata awe na haraka kiasi gani atasimama.

Kijana wa Ihumwa

Shikamoo mwalimu. Samahani wakuu kwa kuingilia uzi, nina shida ya kweli.

Nasoma mifumo ya biashara. Tumepewa kuandika programu ya duka kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Bei zina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ndani yake, kiwango asilimia 18, programu itoe VAT iliyomo. Mfano kwenye karatasi: bidhaa 3, kila moja shilingi 1,000. Jibu la karatasi ni 458. Yangu inatoa 459. Nimeandika upya, 459. Naombeni msimbo sahihi, nakusanya kesho kutwa.

Ng'ong'ona Kwetu

Mdogo wangu, msimbo wa mtu hautakusaidia, wako uko karibu mno. Bandika mistari yenyewe.

Kijana wa Ihumwa

jumla_vat = 0
for bei in [1000, 1000, 1000]:
    jumla_vat = jumla_vat + round(bei * 18 / 118)
print(jumla_vat)

Ng'ong'ona Kwetu

Vizuri. Kwanza nikupongeze: umezidisha kwa 18 na kugawa kwa 118. Wengi wanachukua asilimia 18 ya 1,000 wanapata 180, wakati 1,000 hiyo tayari ina kodi ndani. Bei halisi ikiwa 100, kodi ni 18, jumla 118. Hapo uko sawa kabisa.

Sasa usifute kitu. Ndani ya mzunguko ongeza mstari wa kuchapa bei * 18 / 118 bila round, ile inayokadiria namba iwe nzima. Tuambie unaona nini.

Kijana wa Ihumwa

Naona 152.54 na mkia mrefu, mara tatu. Nikizijumlisha zilivyo napata 457.63.

Aaah. Kila moja inapanda kuwa 153 kabla ya kujumlishwa. 153 mara 3 ni 459. Nikikadiria mwishoni tu, 457.63 inakuwa 458.

Mama wa Leja

Umeiona mwenyewe. Na hiyo shilingi 1 usiidharau, hata kwenye hesabu za kweli ndiyo inayofanya stakabadhi zigombane na leja. Kukadiria kwa kila bidhaa na kukadiria kwa jumla ni njia mbili tofauti. Chagua moja, ishike mwanzo hadi mwisho, na iandike kwenye ripoti yako kwa maneno ili anayesahihisha aione.

Ng'ong'ona Kwetu

Naongeza moja tu. Hiyo round ya Python namba ikiwa katikati kabisa huenda kwenye shufwa: round(2.5) inatoa 2, round(3.5) inatoa 4. Pia andika 0.1 + 0.2 uone inachotoa. Ukishika fedha za watu tumia moduli ya decimal (zana ya Python ya kuhesabu desimali kama zilivyoandikwa), na kanuni ya kukadiria uiweke wewe mwenyewe.

Kijana wa Ihumwa

Nimejaribu yote. 0.1 + 0.2 imenitolea 0.30000000000000004, sikuwa najua.

Kingine: mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja ameandika kama nilivyoandika mimi mwanzo na alisema yake haina tatizo. Nimemwomba bei alizojaribia: 1,000, 2,500 na 700. Nimezipitisha njia zote mbili. Kwa kila bidhaa: 153, 381, 107, jumla 641. Kwa jumla: 640.68, nayo ni 641. Bei zake haziwezi kuonyesha tofauti hata kidogo. Nimemwambia aweke elfu moja tatu, sasa hivi yuko kwenye kompyuta yake.

Nyikani

Safi sana mdogo wangu. Akimaliza mwambie aje aandike hapa alichokikuta. Na wa takwimu mko wapi? Bado hamjaleta hata swali moja.