GW170817: mbona mwanga ulichelewa?

Wakuu, Agosti 17, 2017 tuliponasa ishara za nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito sana ya nyota zilizolipuka) kugongana, tukio lililoitwa GW170817, miale ya gama ilifika sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga-wakati). Mbona mwanga wa kawaida ulionekana baada ya takriban saa 11?

— Haukuchelewa, mkuu. Eneo la kutafuta angani lilikuwa kubwa, nyuzi za mraba 30 hivi, na Chile, iliko darubini ya Swope, kulikuwa bado mchana. Giza lilipoingia, Swope ikapiga picha galaksi moja moja zenye umbali unaolingana na ule wa mawimbi, hadi ikaupata mwanga kwenye galaksi NGC 4993, miaka ya nuru milioni 130 hivi.

— Na wahi! Ubuluu wa mwanga huo hufifia ndani ya siku chache, unabaki wekundu, maana lanthanidi (elementi nzito zinazoundwa katika mgongano) humeza mwanga wa buluu.

— Eksirei ndiyo huhitaji subira: siku ya 2 Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, haikuona kitu, siku ya 9 ikaona. Sababu ni kwamba mfoko (mkondo mwembamba wa mata unaorushwa kwa kasi kubwa) haukutuelekea moja kwa moja. Mawimbi ya redio yalifuata siku ya 16.