Naomba ushauri: je, kweli Lo-debari maana yake ni "pasipo malisho"?

Mleta mada
Wanajamvi, Bwana Yesu asifiwe. Ninafundisha darasa la Biblia la watu wazima, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisema kwamba Lo-debari, mahali alipoishi Mefiboshethi mwana wa Yonathani kabla Daudi hajamwita (2 Samweli 9), maana yake ni "pasipo malisho", yaani nchi kame ya watu waliosahauliwa. Jumapili iliyopita mama mmoja mzee aliniuliza: ikiwa ni nchi kame, mbona Makiri wa huko huko ndiye aliyempelekea Daudi chakula alipomkimbia Absalomu? Sikuwa na jibu. Wenye ujuzi wa Kiebrania, nisaidieni: tafsiri hiyo ina msingi, au nimekuwa nikiwapotosha watu?

Mwanagenzi wa Kiebrania
Amina, mtumishi. Tafsiri hiyo haikuzuka hewani, ila msingi wake ni mwembamba. "Lo" ni neno la kukana, ndugu wa "la" ya Kiarabu tunayoitumia hata sisi katika Kiswahili, na ndilo lililomo katika Lo-ruhama na Lo-ami, majina ya watoto wa Hosea. "Davar" ni neno, jambo au kitu. Kwa hiyo jina likisomwa hivyo linatoa "si kitu". Wanaosema "malisho" hulihusisha na neno jingine lenye herufi zilezile, ambalo Mika 2:12 analitumia kwa malisho ya kondoo.

Lakini angalia tahajia, maana hapo ndipo penye uzito. Katika 2 Samweli 9:4-5 "lo" imeandikwa kwa herufi za Kiebrania lamedi na vavu, na kwa maandishi hayo maana yake ni "kwake", wala si "hapana". Katika 17:27 na Amosi 6:13 imeandikwa kwa lamedi na alefu, ambayo ndiyo ya kukana. Tena Yoshua 13:26, kwenye mipaka ya kabila la Gadi, pana jina lenye herufi l-d-b-r tu, ambalo wataalamu wengi hudhani ni mahali hapo hapo. Kwa maoni yangu, jina linaloandikwa kwa namna tatu ni jina la kale ambalo waandishi walilifuata kwa sikio, na maana tunayoipata katika vipande vyake ilikuja baadaye.

Shemasi Mstaafu
Nakubaliana na ndugu hapo juu. Mwenye kulipa jina hilo maana ni Amosi, aliyehubiri siku za Yeroboamu wa pili, katika karne ya 8 KK, Israeli walipokuwa wakijisifu kwa kurudisha miji ya ng'ambo ya Yordani. Anawakemea wanaofurahia Lo-debari na kujigamba kwamba wameteka Karnaimu, jina linalomaanisha "pembe mbili", na pembe ni alama ya nguvu. Aliyemsikia kwa Kiebrania alisikia papo hapo kwamba watu wanashangilia si-kitu, na ndiyo sababu baadhi ya tafsiri huliacha jina lilivyo na nyingine huweka maana yake. Nabii alicheza na sauti ya jina. Hakuwa akieleza asili yake.

Mama yule ameona sawasawa. Katika 2 Samweli 17:27-29 Makiri, pamoja na Shobi na Barzilai, analeta vitanda, mabakuli, ngano, shayiri, unga, bisi, dengu, asali, siagi, kondoo na jibini. Tena Hesabu 32:1 inasema wana wa Reubeni na wa Gadi waliitamani Gileadi, eneo la Lo-debari, kwa sababu ilikuwa nchi ya mifugo. Ushauri wangu ni kwamba ulirekebishe somo waziwazi mbele ya darasa. Miguu iliyolemaa ya Mefiboshethi na hofu yake mbele ya mfalme vimeandikwa. Havihitaji kuongezewa ukame.

Mleta mada
Asanteni sana, ndugu zangu. Jumapili nitaanza na Hesabu 32:1, kisha nitamwomba mama yule asome mwenyewe, kwa sauti, vitu alivyoleta Makiri.