Mjadala: Kocha anayelalamika kuwa wachezaji wanahama, yeye alifikaje hapo alipo?

Kikapu Kitaa (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Najua humu wengi ni watu wa soka, ila leo naomba tuongelee kikapu cha vyuo vya Marekani, maana vijana wetu wanakwenda huko na wazazi wengi hawajui wanamkabidhi nani mtoto.

Kila ikifika Aprili wimbo ni uleule. Makocha wanashika maikrofoni na kusema vijana wa siku hizi hawana subira, wanafuata hela, hawana shukrani. Ni kweli wanahama. Mwaka 2025 wachezaji wa kiume zaidi ya 2,000 wa Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, waliandikisha majina kwenye potali, na timu zenyewe ni 364. Kwa asiyejua, potali ni daftari la mtandaoni la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, lililoanza Oktoba 2018. Jina lako likiwa humo, kocha wa chuo chochote anaruhusiwa kukutafuta. Zamani ilibidi uombe ruhusa chuoni kwako, na kocha aliweza kutaja vyuo ambavyo hutakiwi hata kuongea navyo. Na ukihama, kwenye kikapu ulikaa nje mwaka mzima. Mwaka 2021 wakalegeza: hama mara moja bila adhabu. Mwaka 2024 wakaachia kabisa, mradi masomo yako yawe sawa. Hawakuachia kwa huruma, walibanwa mahakamani.

Sikilizeni kisa cha RaeQuan Battle. Alianzia chuo cha Washington, akahamia Montana State. Aprili 2023 kocha wake pale, Danny Sprinkle, akapata kazi Utah State akaondoka. Battle naye akachagua West Virginia. Hajacheza hata mechi moja, Juni kocha wa West Virginia, Bob Huggins, akajiuzulu. Msimu ukaanza, NCAA ikamwambia: wewe umehama mara mbili, kaa nje. Majimbo saba yakaishitaki NCAA, na Desemba 2023 jaji wa shirikisho akaizuia kanuni ile, Battle akaingia uwanjani. Na Sprinkle? Alikaa Utah State msimu mmoja tu, Machi 2024 akahamia Washington, chuo kilekile alikoanzia Battle. Yeye hakukaa nje hata mechi moja.

Kwa hiyo kocha asituimbie uaminifu. Kijana anamdai kitu kimoja tu, ukweli, na aambiwe mapema: utacheza au hutacheza, na mimi mwenyewe nipo au nimeshaanza kufungasha. Haya, niponde.

Mzee Benchi:
Mleta mada, siungi mkono hoja. Umechukua kisa kimoja kitamu ukakifanya sheria.

Nimefundisha kikapu shule za sekondari miaka mingi, najua kazi ya kumtoa kijana kwenye kudunda mpira kwa kiganja mpaka asome mchezo. Chuo kidogo kinamchukua mtoto ambaye wakubwa walimkataa, kinamlisha, kinamrekebisha mtupo, akikomaa tu anabebwa na chuo chenye hela. Angalia chuo cha Florida waliotwaa ubingwa wa taifa Aprili 2025 kwa kuifunga Houston 65–63. Walter Clayton Jr. alitokea Iona, Will Richard alitokea Belmont, Alijah Martin alitokea Florida Atlantic. Walinzi wote watatu walilelewa kwingine! Iona walipata nini? Hata asante hawakupata. Huko nyuma kijana alijua akikimbia atakaa mwaka mmoja akitazama, basi anatulia na kujifunza. Siku hizi akitolewa kipindi cha pili, usiku huohuo ana simu tatu.

Na msisahau kocha Tony Bennett wa Virginia, bingwa wa 2019. Oktoba 2024 aliacha kazi kwa sababu alijiona hafai tena kwa mazingira haya mapya. Huyo hakuwa mlalamishi, alikuwa mwalimu.

Dada wa Pointi Tatu:
Mzee, shikamoo. Mifano yako imekuponza.

Clayton aliondoka Iona mwaka uleule ambao kocha wake, Rick Pitino, aliondoka kwenda St. John's. Florida Atlantic walifika nusu fainali ya taifa 2023, mwaka uliofuata kocha Dusty May akaenda Michigan, ndipo kikosi kikatawanyika: Martin Florida, Johnell Davis Arkansas, Vladislav Goldin akamfuata kocha hukohuko Michigan. Mwenye nyumba ndiye aliyetangulia kutoka. Wewe unawasema wapangaji.

Na Bennett namheshimu, lakini aliondoka wiki tatu hivi kabla ya mechi ya kwanza. Vijana waliomchagua yeye walishajiandikisha, wameshaanza masomo, timu nyingine zimeshajaa. Angesema Aprili ningempigia makofi.

Mzee Benchi:
Marahaba. Kuhusu Florida Atlantic umenipata. Kuhusu Bennett hujanipata. Mtu akigundua moyo haumo tena, afanye nini, aendelee kupokea mshahara huku anadanganya watoto? Si ndiyo ukweli anaoutaka mleta mada?

Kikapu Kitaa:
Ukweli wenyewe nimeutaka MAPEMA, mzee wangu. Ila nakubali, hapo pagumu.

Lushois:
Jambo yenu bandugu. Mie ni wa Lubumbashi, niko Marekani miaka kumi sasa. Munasahau Oscar Tshiebwe, mutoto ya kwetu! Nitaandika Kiswahili cha shule ili mnielewe.

Tshiebwe alikuwa West Virginia kwa Huggins. Januari 2021, msimu ukiwa katikati, akaondoka kwenda Kentucky. Watu walimsema sana. Akangoja, msimu wa 2021–22 akaokota ribaundi 15.1 kwa mechi na pointi 17.4, akawa mchezaji bora wa taifa. Wangapi wangemjua kama angebaki? Mimi simchukii Huggins, alimpa nafasi ya kwanza. Lakini kiatu kikibana, mguu ni wako.

Kingine ambacho hamjakigusa ni viza. Kuanzia Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao. Tshiebwe alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo haikuruhusu kufanya kazi ya namna hiyo ndani ya Marekani. Timu ilipokwenda Bahamas Agosti 2022 kucheza mechi za maandalizi, ndiko alikofanyia matangazo yake, nje ya nchi! Mchezaji bora wa taifa anangoja kusafiri ili auze sura yake mwenyewe. Mkisema «wanafuata hela», vijana wa Kiafrika wengi hata hiyo hela hawaigusi. Wanahama kwa sababu ya dakika za kucheza.

Mama Neema:
Mimi si mtaalamu, nasema yaliyotupata. Mtoto wa dada yangu alipata ufadhili chuo kimoja kule, sitakitaja. Mwaka wa pili, siku mbili baada ya mechi ya mwisho, kocha akamwita ofisini. Hakumfukuza. Alimwambia tu, «sikuoni kwenye mipango yangu, nakushauri ujaze potali, utapata pazuri zaidi». Mtoto akashukuru akidhani anasaidiwa. Akajaza.

Hakuna aliyemwambia kwamba ukishajaza, chuo kinaruhusiwa kukukatia ufadhili muhula ukiisha. Kocha hakupokea simu tena. Mwezi mzima anangoja, vyuo vinavyompigia ni vile visivyo na ufadhili kamili. Na mwenye viza ya mwanafunzi hana anasa ya kukaa nyumbani akifikiria: asipopata chuo kingine kwa wakati, arudi. Mwishowe akapata Daraja la Pili, ukumbi mdogo kama wa kanisa. Huko nako masomo yake kadhaa hayakutambuliwa, ikabidi abadilishe kozi. Alikuwa anasomea uhandisi. Sasa anasoma kitu ambacho hata kutamka jina lake inanichukua muda.

Kwa hiyo nikisikia «wachezaji wanahama hama», nauliza, wangapi walihama na wangapi walihamishwa?

Dada wa Pointi Tatu:
Mama Neema, pole sana. Niongezee hapo maana ndipo penyewe. Tangu 2015 kanuni za ligi kubwa zinakataza kumnyima mchezaji ufadhili kwa kuwa hafungi pointi. Kocha hawezi kukuandikia barua ya kukutoa. Lakini anaweza «kukushauri». Ukijaza potali kwa mkono wako, umejitoa mwenyewe.

Na hiyo ya kubadilisha kozi ipo hata Daraja la Kwanza. Huko NCAA inataka mchezaji akianza mwaka wa tatu awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake, wa nne 60, wa tano 80. Ukihamia chuo kisichotambua nusu ya masomo yako ya uhandisi, hufikii 40, huchezi. Basi unatafutiwa kozi inayomeza masomo yoyote. Mlango wa potali kaufungua kocha, ila hesabu ya krediti, yaani masomo yaliyotambuliwa, hakuifanya mtu.

Mzee Benchi:
Huyo wa Mama Neema hakuwa kocha, alikuwa dalali. Hapo sina utetezi.

Lakini vijana wangu, msikimbie suala la pesa. Kwa makubaliano ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA, yaliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Vizuri, walipwe. Sasa mtu anayelipwa asaini mkataba wa miaka miwili, akivunja alipe fidia. Kocha akivunja mkataba huwa fidia inalipwa. Mnataka haki za mfanyakazi na uhuru wa mwanafunzi kwa wakati mmoja?

Kikapu Kitaa:
Mzee, hapo nakupa pointi tatu, nje ya mstari. Mkataba wa miaka miwili ningeukubali kesho, ukiwa na kifungu kimoja: kocha akiondoka, mchezaji yuko huru. Na fidia ya kocha mara nyingi inalipwa na chuo kinachomchukua, si mfuko wake. Kijana wa Mama Neema angelipiwa na nani?

Nibadilishe na kauli yangu ya mwanzo. Nilisema kocha anadaiwa ukweli peke yake. Baada ya kumsoma Mama Neema naona hautoshi, maana yule kocha alisema ukweli: hakumwona kwenye mipango. Angepaswa kukaa naye na mshauri wa masomo kabla hajagusa potali, kumwambia wazi kuhusu ufadhili, kisha kupiga simu yeye mwenyewe kwa makocha wenzake. Simu tano tu. Kocha wa Daraja la Kwanza ana namba zao zote.

Baba wa Watatu, Mbeya:
Wakuu, nimesoma kimya kimya toka juu. Kijana wangu ana sentimita 203, Jumamosi kuna kocha msaidizi wa chuo cha huko atatupigia kwa video. Nimuulize nini? Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

Dada wa Pointi Tatu:
Muulize wachezaji wa nafasi ya mwanao aliowasajili misimu mitatu iliyopita wako wapi leo, kwa majina. Kisha omba namba ya mmoja aliyeondoka.

Mama Neema:
Na omba barua ya ufadhili iandikwe ni ya miaka mingapi. Akisema «usijali», jali.

Lushois:
Papa, kama unataka mkalimani Jumamosi, niko. Sema saa ya Mbeya, mie nitahesabu.