Samaki hawauziki kila siku, lakini kodi hailali

Swali: Ninauza samaki wa kukaanga Kondele, Kisumu. Mkopeshaji ameniambia nitenganishe gharama zisizobadilika na zile zinazobadilika. Je, mafuta ya kupikia, ambayo lazima niyanunue kila siku, yamo katika zile za kwanza?

Jibu: Hapana, ndugu. Kigezo si ulazima, bali ni iwapo kiasi hupanda na kushuka kulingana na mauzo. Usipokaanga, mafuta hayatumiki. Kodi ya kibanda, mshahara wa msaidizi na leseni ya kaunti, ambayo hulipwa kwa mwaka na hivyo uigawe kwa miezi 12, zinakudai hata ziwa likikosa samaki. Tuseme hizo tatu ni shilingi 18,000 kwa mwezi. Ukiuza samaki mmoja kwa 300, naye pamoja na mafuta na makaa amekugharimu 220, zinabaki 80. Kwa hiyo samaki 225 wa kwanza wa mwezi wanalipia gharama hizo tatu tu, na faida inaanza kwa wa 226.

Jibu la pili: Nyumbani ni vivyo hivyo: kodi na karo ya muhula hazibadiliki, ilhali umeme wa tokeni hufuata matumizi. Ila mwenye nyumba akiongeza kodi mwakani, bado ni gharama isiyobadilika, kwani haikupanda kwa sababu ya mauzo wala matumizi yako.

Muulizaji: Asanteni. Basi msaidizi ninayemlipa kwa kila samaki anayeparuliwa nitamhamishia upande wa pili.