Kila nikikomaa na programu inakufa, sasa bosi kaleta akili mnemba. Niache udizaini nikafuge kuku?

Wakuu habari za muda huu. Mi ni dizaina wa apu, nipo Dar, huu mwaka wa nane kwenye hizi kampuni changa. Nilianza na Photoshop, nikaambiwa hiyo ya kizamani jifunze Adobe XD, programu ya kuchora skrini za apu, nikakomaa nayo mpaka naiota usiku, 2023 Adobe wakaacha kuiuza kivyake, tukahamia Figma, nayo ya kazi hiyo hiyo. Sawa. Juzi sasa bosi katupia kwenye grupu skrini 12 za apu yetu ya pesa kazitengeneza na akili mnemba usiku mmoja, asubuhi ananiuliza "hii si ndo ile kazi yako ya wiki mbili?" Nikakosa la kujibu maana kwa macho zinavutia, siwezi kudanganya. Kodi ya miezi 6 inakuja, na shemeji kila siku ananipigia hesabu za kuku chotara. Nisome coding, yaani kuandika programu? Nikafuge? Matusi sitaki.

Kibanda_Wazi: Kuku usimsikilize shemeji. Nilianza na 300, kideri kikapita nikabaki na 11 na deni la chakula. Rudi kwenye kompyuta yako.

Fundi wa Zamani: Pole dogo. Mi nimekula kwa Flash miaka mingi, ile programu ya Adobe ya kutengeneza picha zinazocheza, matangazo ya mtandaoni, vikatuni, mpaka tovuti nzima nzima. iPhone ilipotoka 2007 haikuisoma Flash tukacheka, tukasema hiyo simu haitoboi. 2010 Steve Jobs akaandika waziwazi kwamba haitaki, bado tukabisha. Adobe wenyewe wakaizika mwisho wa 2020 na mimi nilishapoteza wateja muda mrefu, kisa nilikuwa najitambulisha kama "mtu wa Flash". Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa najua kupanga stori, mtu aone nini kwanza na nini baadaye. Wewe ukiulizwa unafanya nini usitaje programu.

mtu_chuma: Dizaina kazi yake kupanga rangi tu, kubalini yaishe.

Dada wa Miamala: @mtu_chuma kapumzike. Mleta mada, rudi kwenye hizo skrini 12 uniambie kama kuna hata moja inayoonyesha mtandao umekatika katikati ya muamala, hela imetoka kwa mteja na kwa wakala haijafika. Au mtu kakosea namba. Au simu ina kioo kilichopasuka na bando la jero. Mi nilianzia menyu za USSD, zile za kubonyeza nyota na namba na reli, ukurasa mmoja herufi 182 basi, ukizubaa muda unaisha mteja anaanza upya, pale ndo nilipojua neno moja baya linagharimu hela ya mtu. Akili mnemba inakuchorea siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri, siku hiyo hata bosi anaiweza. Coding jifunze kidogo, ya kukutosha kuelewana na madevelopa, ila usiingie huko kwa woga.

Nyanya Chungu: Naongezea, tunza kazi zako. InVision, mtandao wa kuwekea na kuonyesha dizaini, ilifungwa mwisho wa 2024, linki zangu zote za kuonyesha waajiri zikafa, nikabaki na picha za kupiga kwa simu kama mtoto wa chuo. Toa PDF, andika na kwanini uliamua vile, maana ukiulizwa kwenye usaili mwaka kesho kutwa utakuwa umesahau.

Mleta mada: Nimerudi wakuu. Jana nilichukua skrini za bosi nikaziweka kwenye simu nikaenda nazo kwa wakala wa mtaani, nikaomba watu 5 wajaribu kuweka hela. Wawili tu ndo walifika mwisho. Kuna batani imeandikwa "Amana", mama mmoja akaniuliza, "Amana ya Ilala? Kwani nani anaumwa?" Kadhani ni ile hospitali. Nilicheka mpaka wakala akanishangaa. Nikabadilisha pale pale ikawa "Weka pesa", akapita bila kuuliza. Nimerekodi, nimemtumia bosi. Kaiona, kakaa kimya kama saa mbili, halafu kajibu Jumamosi twende wote. Kuhusu wiki mbili hajasema kitu na mimi sijauliza.

Kibanda_Wazi: Na shemeji?

Mleta mada: Kapiga leo asubuhi. Safari hii ni sungura.